Nikosulfuroni ya gramu 40 kwenye mahindi: dawa safi kwa gugu la majani manne, hasara kwa gugu la gotini

Kinachopitiwa hapa ni dawa ya magugu ya mahindi yenye nikosulfuroni gramu 40 katika kila lita, ile ya mafuta inayogeuka nyeupe kama maziwa ikiingia kwenye maji. Majina yake ya kibiashara ni mengi. Duka la pembejeo mjini Tanzania au agroveti ya Kenya linaweza kuwa na mawili matatu rafuni kwa wakati mmoja, lakini ukigeuza chupa na kusoma kiambato amilifu unakuta ni kilekile. Kwa hiyo tunakipima kiambato na matumizi yake. Jina la chupa tunaliacha.

Tuanze na hukumu. Ikipulizwa kwenye nyasi zenye majani mawili hadi manne, hii ni miongoni mwa dawa bora anazoweza kununua mkulima wa mahindi. Inaua nyasi ndani ya zao ambalo lenyewe ni jamii ya nyasi, kazi ambayo 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana, haiiwezi hata kidogo. Ikipulizwa kwenye nyasi zilizokwisha kutoa machipukizi shinani na kufika gotini, inazidumaza wiki mbili tatu, kisha zinaamka. Malalamiko mengi ya "dawa ni feki" yanatoka kwenye kundi hili la pili, na mara nyingi chupa haina kosa lolote.

Inavyoua, na kwa nini huonekana imelala

Nikosulfuroni haichomi. Inaingia kupitia majani, inasafiri hadi kwenye ncha za ukuaji, na huko inazuia kimeng'enya kiitwacho ALS, ambacho mmea hukitegemea kutengeneza amino asidi tatu: valini, leusini na isoleusini. Zikikosekana hizo, seli mpya haziundwi. Gugu linaacha kukua ndani ya siku moja au mbili lakini linabaki kijani. Unjano, na kwa nyasi nyingine wekundu wa zambarau, huanza kwenye majani machanga baada ya wiki moja hivi. Kufa kabisa huchukua wiki mbili hadi tatu, na baridi ikiwepo huchukua zaidi.

Aliyezoea dawa za kuchoma, ambazo saa chache baadaye shamba linanyauka, anafika siku ya nne akiona kijani kitupu, anarudia dozi. Dozi ya pili inaumiza mahindi kuliko magugu. Kuna kipimo rahisi kuliko macho: siku ya kupuliza, chomeka vijiti vitano shambani, kila kimoja kando ya gugu na kikatwe urefu sawa nalo. Funika pia mita moja ya mraba kwa karatasi ya nailoni wakati wa kupuliza, uifunue mara matone yakikauka, na uchomeke kijiti humo pia. Siku ya saba linganisha. Gugu la ndani ya mita ile litakuwa limepita kijiti. Lililopigwa litakuwa palepale lilipoachwa. Hapo unajua dawa imeshika hata kabla ya jani moja kugeuka njano.

Kwa nini majani manne na si nane

Dawa inayofanya kazi kwenye ncha ya ukuaji inahitaji kufika kwenye kila ncha kwa kiasi cha kutosha. Nyasi ya majani matatu ina ncha moja. Ikishaanza kutoa machipukizi shinani, kila chipukizi lina ncha yake. Ulezi mwitu, Eleusine indica, wenye machipukizi sita unagawanya dozi ileile mara saba, na jani lililopokea matone mengi si lazima liwe ndilo linalolisha chipukizi lililojificha chini. Matokeo yake unayaona shambani: shina la katikati limekufa, pembeni kijani kinachomoza.

Jambo la pili ni uwiano wa jani na mwili. Gugu dogo ni jani tupu. Karibu kila sehemu yake inapokea dawa. Gugu kubwa lina shina nene, mizizi mirefu na akiba ya chakula ya kulivusha wiki mbili za njaa. Halafu majani yake ya juu yanayafunika ya chini, na mahindi nayo yanafunika yote. Kwenye mstari wa mahindi yaliyofika kiunoni, magugu ya chini ya kivuli hupata matone machache mno.

La tatu ni ngozi ya jani. Jani changa lina nta nyembamba na tone linapita kwa urahisi. Jani lililokomaa, hasa lililopitia wiki ya jua bila mvua, huwa na nta nene na mara nyingi vumbi juu yake. Ndiyo maana gugu la majani manne lililonyauka kwa ukame linaweza kupona kuliko la majani matano lililonyeshewa juzi. Umri na hali ya mmea vinakwenda pamoja: unataka gugu dogo *linalokua*. Kukiwa na ukame, subiri mvua na siku mbili tatu za ukuaji, hata kama gugu litaongeza jani moja.

Kuhesabu majani kuna kanuni zake. Kwenye nyasi, hesabu majani yaliyofunguka kwenye shina kuu tu, achana na ya machipukizi. Kwenye magugu ya majani mapana, yale mawili ya kwanza yaliyotoka na mbegu hayahesabiwi. Kishona nguo, Bidens pilosa, hutoa majani yake mawili mawili yakitazamana, kwa hiyo "majani manne" ni jozi mbili tu, gugu bado halijafika urefu wa kidole. Mchicha pori hutoa moja moja na huongeza jani kwa kasi ya kutisha kwenye joto. Zunguka sehemu tano za shamba, na utumie kundi kubwa kuliko yote kama kipimo chako, si wastani. Wastani hauambii lolote kuhusu mistari iliyotangulia kuota.

Kwa kalenda, dirisha hili mara nyingi huangukia kati ya siku 12 na 20 baada ya mahindi kuota. Kilombero na ukanda wa pwani huja mapema, Njombe na Nyandarua huchelewa. Kalenda ikupeleke shambani ukaangalie, lakini uamuzi uwe wa majani uliyoyahesabu.

Kupuliza mapema kupita kiasi nako kuna gharama, ingawa ni ndogo. Nikosulfuroni haiachi ulinzi wa maana kwenye udongo dhidi ya mbegu ambazo hazijaota. Ukipuliza siku ya nane, ukaua kundi la kwanza, mvua inayofuata inaleta la pili juu ya udongo usio na kitu. Kwa sababu hiyo wengi huichanganya na atrazini, inayobaki udongoni na pia kuongeza nguvu kwenye majani mapana. Mchanganyiko huo, au ule wa chupa moja wenye nikosulfuroni, mesotrioni na atrazini, ndio tunaoupa alama ya juu kwa shamba la mahindi peke yake. Mesotrioni ina faida ya ziada kwa mwenye wasiwasi: gugu linageuka jeupe ndani ya siku chache, kila mtu anaona.

Gugu kwa gugu

Nyasi za msimu, yaani ulezi mwitu, jamii ya Setaria na Digitaria za mbegu, hukubali vizuri hadi jani la nne. Rottboellia, ile nyasi yenye vinywele vinavyochoma mikono, inakua haraka kuliko mahindi yenyewe. Ipige ikiwa na majani mawili au matatu, ukingoja la tano umechelewa.

Mchicha pori hukubali ukiwa chini ya sentimita 8 hivi. Kishona nguo kidogo hufa, kikubwa hupoteza kichwa kisha huchipua kwenye kwapa za majani na kuchanua kwa ufupi, mbegu zikakomaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Huko Brazili gugu hilihili lina vizazi sugu kwa dawa za kundi la ALS tangu miaka ya 1990. Usugu haulazimiki kubaki Brazili. Kupiga magugu makubwa kwa dozi ndogo msimu baada ya msimu ndiyo njia ya kuukaribisha.

Kongwa, Commelina benghalensis, mukengeria kwa Wakikuyu, ndilo gugu linaloivunjia dawa hii heshima. Likishapita majani manne linatambaa, kila kifundo kinachogusa udongo kinatoa mizizi, na hata chini ya ardhi linazaa mbegu. Kwa gugu hili usiitegemee chupa hii. S-metolakloro ikipulizwa kabla gugu halijaota hulipunguza sana, na 2,4-D huliweza likiwa na majani mawili matatu. Baada ya hapo ni jembe, na ulichokilima kitolewe nje ya shamba, kwa sababu kikiachwa kwenye udongo wenye unyevu kinashika tena.

Magugu ya kudumu yana kanuni iliyopinduka

Sangari, Digitaria abyssinica, na ndago, Cyperus rotundus, hawana habari na ushauri wa "piga mapema". Nguvu zao ziko chini ya ardhi, kwenye mashina yatambaayo ya sangari na viazi vya ndago. Chipukizi changa linapandisha chakula kutoka chini. Dawa inayosafiri na chakula haishuki. Inashuka pale majani yanapokuwa ya kutosha kutengeneza chakula na kukirudisha chini.

Kwa sangari dawa ni glaifosati, na wakati ni kabla ya kupanda, nyasi ikiwa imerefuka sentimita 15 hadi 20 na ni kijani kibichi. Ile ya gramu 360 kwa lita huhitaji kati ya lita 1.5 na 2.5 kwa ekari, kisha usiguse ardhi siku 10 hadi 14. Kosa la kila msimu ni kulima kwanza, kukatakata mashina ya chini kuwa vipande mia, halafu kupuliza vijani vya sentimita tano. Kila kipande kina macho yake, na jani dogo vile halibebi dawa ya kutosha kuyafikia. Nikosulfuroni huidumaza sangari ndani ya mahindi, basi. Ichukulie kama msaada wa kuvusha zao.

Ndago inahitaji halosulfuroni. Ile ya chembechembe ya asilimia 75 hutumika karibu gramu 20 kwa ekari pamoja na dawa ya kunatisha, ndago ikiwa na majani matatu hadi matano. Hapo jani linatosha kubeba dawa na viazi vipya bado havijakamilika. Ikishatoa maua unaua majani, viazi vinakusubiri.

Kiduha, Striga, kayongo kwa Wajaluo, kiko peke yake. Siku kinapochomoza kimeshanyonya mizizi ya mahindi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo hakuna hatua ya jani ambayo ni "mapema". Ndiyo sababu nchini Kenya ilitolewa mbegu ya Ua Kayongo, iliyopakwa imazapiri, ili gugu lipigwe likiwa bado chini. Mwenye kiduha asinunue nikosulfuroni akitarajia nafuu.

Mahindi nayo yana umri wake

Sehemu hii lebo nyingi huiandika kwa herufi ndogo. Dawa hupulizwa juu ya mahindi yenye majani matatu hadi sita, ukihesabu yale yenye kola tu, ule mstari mwepesi pale jani linapoachana na shina. Ukihesabu kila ncha unayoiona utajidanganya: hindi lenye kola nne linaweza kuonekana lina majani sita au saba. Baada ya hapo gunzi linaanza kupanga idadi ya mistari yake ya punje, na dawa za kundi hili zikipigwa kwa kuchelewa hulibana. Gunzi linaanza na mistari 16 chini na kuishia na 10 juu. Hasara hiyo huioni hadi siku ya kuvuna, na wengi huilaumu mbegu.

Mahindi matamu na ya bisi hayavumilii sawa na ya kawaida. Usipige kama lebo haikuyataja.

Viuadudu vya jamii ya oganofosfati, kama kloripirifosi, profenofosi, malathioni au tabufosi ya chembechembe iliyowekwa shimoni, huyanyima mahindi uwezo wa kuivunja nikosulfuroni. Acha siku saba kabla na baada. Kwa tabufosi ya kupandia, usiitumie dawa hii kabisa msimu huo. Viwavijeshi vamizi vimewafanya watu wengi wachanganye kila kitu kwenye bomba moja, na majani ya katikati yaliyojikunja na kuwa ya njano huanzia hapo. Usichanganye pia na bentazoni au 2,4-D: bentazoni inaweza kuyaumiza mahindi, na 2,4-D hupunguza nguvu dhidi ya nyasi. Zitenganishe kwa wiki.

Na kama kuna maharage kati ya mistari, funga chupa. Nikosulfuroni itayaua, atrazini pia. Shamba mseto lina njia mbili za kuaminika: pendimethalini au s-metolakloro kabla ya kuota, kisha bentazoni ya gramu 480 kwa lita, lita 0.8 hadi 1.2 kwa ekari, maharage yakishafungua jani la kwanza la vipande vitatu. Bentazoni huua majani mapana tu na huchoma pale ilipogusa, kwa hiyo kwake ukubwa wa gugu ni amri kali zaidi: majani mawili hadi manne, jua liwepo, kila jani liloe. Nyasi zitabaki kwa jembe.

Kipimo na bomba

Lebo nyingi za nikosulfuroni ya gramu 40 huangukia kati ya mililita 400 na 600 kwa ekari. Fuata ya chupa yako. Mwisho wa chini ni wa nyasi za majani mawili matatu, wa juu ni wa majani manne. Kuvuka wa juu ili kufidia kuchelewa hakusaidii, kwa sababu tatizo la gugu kubwa ni dawa kutofika kwenye ncha zote, wakati mahindi yanapokea ongezeko lote kwenye faneli, yale majani ya katikati yaliyojikunja.

Kwa maji ya lita 80 kwa ekari, dozi ya mililita 500 ni mililita 100 kwa bomba la lita 16, mabomba matano. Au 125 kwa bomba la lita 20, mabomba manne. Lakini hizo lita 80 lazima uzithibitishe. Pima mita 10 kwa 10, weka maji matupu, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena kuona yamepungua kiasi gani. Zidisha kwa 40. Yakitoka lita 2 umepata 80. Yakitoka lita 3.5 unatembea taratibu au noseli imechakaa, na vipimo vyote vya mililita kwa bomba vitakudanganya.

Noseli iwe ya feni bapa. Ile ya koni inayokuja na bomba ni ya wadudu. Inatoa matone madogo yanayopeperuka na kuacha mistari isiyolingana. Ishike sentimita 50 juu ya magugu. Tikisa chupa kwa nguvu kabla ya kumimina, maana dawa ya aina hii hutuama na nusu ya chini huwa kali kuliko ya juu. Maji nusu bomba, dawa, koroga, maji yaliyobaki. Mchanganyiko uishe siku hiyohiyo. Puliza asubuhi umande ukishakauka au alasiri upepo ukitulia, na uhakikishe mvua haiji ndani ya saa nne. Glavu, viatu vya mpira na barakoa havina mjadala.

Aina ya chembechembe ya asilimia 75 ni nzuri vilevile na rahisi kusafirisha: gramu 21 hadi 32 kwa ekari ni sawa na dozi tulizotaja. Haina mafuta ndani, hivyo bila dawa ya kunatisha utapoteza sehemu kubwa kwenye majani yenye nta. Inahitaji mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kifuniko cha soda si kipimo.

Dukani, linganisha bei kwa gramu ya kiambato, si kwa chupa. Chupa ya nusu lita ya gramu 40 ina gramu 20 za nikosulfuroni. Pakiti ya gramu 30 ya asilimia 75 ina 22.5. Angalia namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, tarehe ya kuisha na muhuri wa kifuniko. Chupa iliyokwisha kufunguliwa na "kupimwa" kwa kopo usiinunue, hata ukipunguziwa.

Usafishaji wa bomba hauvutii mtu, ila ndipo hasara ya pili inapotokea. Mabaki madogo mno ya dawa za kundi hili yanatosha kudumaza nyanya au maharage wiki mbili baadaye. Mwaga maji ya kusuuzia ndani ya shamba hilohilo la mahindi, mara mbili. Mara ya tatu weka maji yenye amonia ya dukani, pampu hadi yatoke kwenye noseli, yaache robo saa ndani ya mpira na bomba, toa, suuza tena. Noseli na chujio vifunguliwe na kuoshwa peke yake. Mabaki hupenda kukaa nyuma ya chujio.